Fedha za Umma na Mji Uliogawanyika: Mabishano juu ya Matumizi ya Maendeleo Élisabethville (Lubumbashi) tangu 1910

1. Utangulizi

Historia ya miji ya Kongo huandikwa mara nyingi kama historia ya majengo: reli ilifika mwaka gani, tanuri la shaba liliwashwa lini, ni nani aliyechora ramani ya barabara. Ni nadra kuulizwa swali lililoyatangulia majengo hayo yote: nani aliamua kwamba fedha zitumike hapa wala si pale, na nani aliulizwa kabla uamuzi haujakatwa? Swali hilo lina uzito wa pekee katika Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville hadi 1966. Mwishoni mwa enzi ya ukoloni ulikuwa mji wa kadiri, wenye wakazi wasiofika 200,000, lakini ulisimama juu ya utajiri uliolisha karibu nusu ya mapato ya koloni zima.

Katika mji huo mabishano juu ya fedha za umma hayakukosekana kamwe, nayo yalikuwa ya namna mbili. Bishano la kwanza lilikuwa la sauti kubwa: Katanga dhidi ya mji mkuu, yaani Léopoldville na baadaye Kinshasa. Bishano la pili lilikuwa la sauti ndogo: mji dhidi ya *cité*, yaani mitaa ya Wazungu dhidi ya mitaa ya Waafrika, na baadaye mitaa ya katikati dhidi ya mitaa ya pembezoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba bishano la kwanza limelifunika la pili kwa muda mrefu, na kwamba la pili lilipokaribia kutamkwa waziwazi liligeuzwa kuwa shauri la asili ya watu. Gharama ya mgeuzo huo imelipwa na wakazi wenyewe.

2. Ardhi, ukanda na bomba la maji

Mji ulianzishwa mwaka 1910, chini ya uongozi wa Émile Wangermée, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Mwaka uliofuata tanuri la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, lilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Tangu siku za mwanzo hazina ya mji ilikuwa na kasoro ya msingi. Ardhi haikuwa mali ya mji. Ilikuwa chini ya Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa 1900, ambacho kilipoteza madaraka ya utawala mwaka 1910 lakini kikabaki na ardhi hadi 1960. Faida yake iligawanywa mafungu matatu: mawili ya dola, moja la Compagnie du Katanga. Kwa hiyo kiwanja kilipopanda bei kwa sababu barabara imepita au taa imewashwa, faida ya kukiuza haikuwa ya hazina ya mji wala ya mkazi.

Kasoro ya pili ilichorwa juu ya ramani. Kati ya mji wa Wazungu na *cité* uliachwa ukanda mtupu usiojengwa, wenye upana wa mita 500, ukaongezwa baadaye kufikia 700. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya: huo, ilisemekana, ndio umbali ambao mbu wa malaria hawezi kuuruka. Katika miaka ya 1920 mitaa ya Waafrika ilihamishiwa ng'ambo ya ukanda huo, ikazaliwa *cité* Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Baadaye ikafuata Kenya.

Ukanda huo umejadiliwa sana kama alama ya ubaguzi, na kwa haki. Lakini ulikuwa pia uamuzi wa matumizi. Kila mita ya ardhi tupu ilikuwa mita ya bomba ambalo halikutoa maji kwa mtu, mita ya waya isiyowasha taa, na mita ya njia aliyoipita kila alfajiri na kila jioni mtumishi wa nyumbani, karani au mwashi, kwa miguu au kwa baiskeli. Mji uliamua kutumia fedha ili watu wakae mbali. Kisha umbali huo huo ukawa hoja ya kusema kwamba kufikisha huduma kwao ni ghali.

Upande wa *cité* ulipewa hazina yake ndogo. Dekreti ya 1931 iliunda vile vilivyoitwa *centres extra-coutumiers*, vituo vya Waafrika walio nje ya utawala wa jadi, na kile cha Élisabethville kikawekwa 1932. Kituo kilikuwa na mkuu wake, baraza lake na bajeti yake. Hata hivyo, mkuu aliteuliwa na serikali, na bajeti ilikaa chini ya ulinzi wa mtawala Mzungu. Lilikuwa baraza la kutoa rai juu ya fungu ambalo ukubwa wake uliamuliwa kwingine. Tena sehemu kubwa ya wafanyakazi haikuhusika nalo: walikaa katika kambi za Union Minière, ambako kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iligawa nyumba, chakula, dawa na shule, na wenyewe wakazoea kuiita baba na mama. Kwa baba na mama mtoto huomba, hadai hesabu.

3. Jumba la maonyesho na nyumba za mkopo

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fedha ziliongezeka. Mpango wa Miaka Kumi, uliotangazwa 1949 na waziri Pierre Wigny, ulikadiriwa kugharimu faranga bilioni 25, na hatimaye matumizi yakafika karibu mara mbili ya hapo. Élisabethville ikapata sura mpya. Mwaka 1956 ulifunguliwa Chuo Kikuu Rasmi, ambacho ndicho chanzo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Katika miaka hiyo hiyo lilijengwa jumba la maonyesho la mji, kazi ya kundi la wasanifu lililoongozwa na Claude Strebelle, lenye umbo ambalo mpaka leo humvutia mpita njia.

Ng'ambo ya ukanda ujenzi ulifuata njia nyingine. Katuba ilikua kwa utaratibu uliopewa jina la Fernand Grévisse, mtawala aliyeusimamia: mkazi alipewa kiwanja na mkopo wa vifaa, akajijengea nyumba mwenyewe au kwa kumlipa fundi, kisha akalirudisha deni kidogo kidogo. Ruashi ilijengwa na Office des Cités Africaines, shirika la serikali lililoundwa 1952, ambalo nalo halikutoa nyumba zake bure.

Haifai kuudharau utaratibu huo. Familia nyingi zilipata kwa mara ya kwanza nyumba ya matofali isiyokuwa ya tajiri wala ya kampuni, na watoto wao wakairithi. Lakini ukiyaweka majengo hayo mawili kando kwa kando, tofauti inajitokeza yenyewe. Jumba la maonyesho lilikuwa mali ya umma, na mali ya umma haimdai mtazamaji mmoja mmoja. Nyumba ya Katuba iliandikwa katika vitabu vya serikali kama maendeleo ya Waafrika, ilhali kwa mwenye nyumba ilikuwa deni. Neno moja, maendeleo, lilitumika kwa vitu viwili: upande huu kwa fedha iliyotolewa, upande ule kwa fedha iliyokopeshwa.

Je, hapakuwa na mabishano? Yalikuwapo, tena makali. Mwaka 1944 walowezi wa Kizungu wa Katanga waliunda chama kilichojulikana kwa kifupi kama UCOL. Walilalamika kwamba maamuzi yote hutoka Léopoldville na Brussels, kwamba shaba ya Katanga hulipia barabara za majimbo mengine, na kwamba wanaoishi katika jimbo hawana sauti juu ya matumizi. Hoja hizo zilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini waliozitoa hawakuzipeleka hatua moja mbele. Kama ni dhuluma fedha kuzalishwa Katanga na kuamuliwa Léopoldville, ni nini basi fedha inayozalishwa kwa jasho la mtu wa Kenya na Kamalondo na kuamuliwa upande wa pili wa ukanda? Mlalamikaji alikuwa na haki kwa yule aliye juu yake. Kwa aliye chini yake, alikuwa mdaiwa.

4. Kura ya 1957 na mgeuzo wa swali

Dekreti ya tarehe 26 Machi 1957 iligawa miji mikubwa katika komuni, kila moja na baraza lake, bajeti yake na mkuu wake, yaani *bourgmestre*. Mwezi Desemba mwaka huo wanaume wa Élisabethville waliotimiza umri wa kupiga kura walichagua washauri wa komuni kwa mara ya kwanza; wanawake hawakuitwa. Kwa hiyo nusu ya watu waliochota maji kwenye mabomba ya mtaa, na waliojua kuliko wote bomba lipi limekauka, waliachwa nje ya kura tangu mwanzo.

Komuni nne za Waafrika, Albert, Kenya, Katuba na Ruashi, zikapata viongozi Waafrika. Kwa mara ya kwanza lilikuwapo jukwaa la kisheria ambapo bishano la pili lingeweza kusikika. Lakini jukwaa hilo lilikuwa na upungufu mkubwa. Bajeti za komuni zilihitaji idhini ya mamlaka ya juu. Zaidi ya hayo, komuni ya wapangaji na vibarua haiwezi kujikusanyia mapato sawa na komuni ya mabenki na maduka makubwa. Sheria ilikuwa imegawa madaraka kwa kufuata mipaka ile ile ambayo ukanda ulikuwa umeigawa mali.

Wakati nao haukuwa mwema. Bei ya shaba duniani ilikuwa imeanguka, kazi zikapungua, na vijana wasio na ajira wakaongezeka. Katika hali hiyo ikadhihirika kwamba kati ya wakuu wanne waliochaguliwa hapakuwa hata mmoja aliyetoka kusini ya Katanga. Wengi wao asili yao ilikuwa Kasai, jimbo ambalo Union Minière na reli zilichukua humo wafanyakazi kwa miongo kadhaa. Swali lililokuwa mezani, yaani komuni hizi nne zipate fungu gani la utajiri wa mji, likaachwa. Mahali pake likawekwa swali lingine: nani ni mwenyeji na nani ni mgeni? Mnamo Oktoba 1958 ikaundwa CONAKAT, shirikisho la vyama vya watu waliojitambulisha kuwa wenyeji wa Katanga. Baada ya muda walowezi wa UCOL nao wakaungana nalo. Bishano la kwanza likapata wasemaji wapya. La pili likakosa msemaji.

Matokeo yanafahamika. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na Union Minière ikalipa kodi zake kwa serikali ya Moïse Tshombe. Kwa muda wa miaka miwili na nusu ndoto ya bishano la kwanza ilitimia: fedha ya Katanga ilibaki Katanga. Lakini ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa jeshi na kwa askari wa kukodiwa, wala si kwa mabomba ya Katuba. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu ya Waluba wa mji huo walikimbia nyumba zao, wakajikusanya katika kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Ikathibitika kwamba fedha kukaribia mlango si sawa na fedha kuingia nyumbani.

5. *Franga ya Leta*

Ni kwa nini bishano la pili lilikuwa dhaifu kiasi hicho? Sababu za nguvu na sheria zimekwisha tajwa. Ipo nyingine, ambayo yapasa itazamwe na wanaoshughulika na lugha.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi dola huitwa *Leta*, neno lililotokana na Kifaransa *l'État*, na fedha huitwa *franga*. Fedha ya serikali basi ni *franga ya Leta*. Msemo huo una nadharia nzima ya siasa ndani yake. Leta ni kitu kilicho mbali, chenye nguvu, kinachotoza na kugawa. Franga zake ni zake. Kiswahili sanifu kinasema "fedha za umma", yaani za watu wote, lakini msemo huo hausikiki sana sokoni Kenya wala barazani Katuba. Mtu akisema kwamba franga ya Leta imeliwa, husema kwa masikitiko, kama anayesimulia jambo lililompata jirani. Ni shida kudai hesabu ya mali ambayo lugha yenyewe imekwisha kuiandika jina la mwingine.

Hili halina maana kwamba wakazi hawakuuona mji wao wala hawakuuandika. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha huko kitabu kidogo kiitwacho *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, ambacho Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri na uchambuzi mwaka 1990. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani. Watu wa *cité*, basi, walikuwa na kumbukumbu, hukumu na kalamu. Kilichokosekana ni daftari: bajeti, dekreti na mahesabu viliandikwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa vikabaki.

Enzi ya Zaire haikurekebisha jambo hilo. Mali ya Union Minière ilitwaliwa na dola 1967 na kuzaa Gécamines, iliyorithi pia desturi ya kuwa baba na mama: shule, hospitali na nyumba za kambi zilitegemea kampuni kuliko manispaa. Katika miaka ya 1970 wakazi waliitwa kwenye *salongo*, kazi ya lazima ya kufagia na kuzibua mitaro. Wananchi walitoa mikono mahali ambapo bajeti haikutoa kitu. Gécamines ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, huduma zilizomtegemea baba huyo ziliporomoka naye. Na kama vile 1958, upungufu ulitafutiwa mgeni wa kulaumiwa: mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa kwa maelfu mengi, wakasongamana katika vituo vya reli wakingoja mabehewa. Mabomba ya mji hayakuongezeka kwa kuondoka kwao.

6. Asilimia arobaini

Katiba ya 2006 ilionekana kulikata shauri la kwanza. Ibara ya 175 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, nayo yakatwe pale pale yanapopatikana. Katika bunge la jimbo la Katanga, kama katika majimbo mengine, yalizuka malalamiko kwamba Kinshasa haifuati utaratibu huo, bali hukusanya yote kisha ikarudisha kidogo, tena kwa kuchelewa. Malalamiko hayo ni ya haki. Mahali yaliposemewa pana maana yake pia: bunge hilo liliwekwa katika Jengo la 30 Juni, ambalo si jingine ila lile jumba la maonyesho la miaka ya 1950.

Lakini sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komuni, sekta na uchifu iliongeza jambo ambalo halikupigiwa kelele sawasawa: jimbo nalo lazima litoe asilimia 40 ya fungu lake kwa vyombo hivyo vya chini. Kwa maneno mengine, yule anayeidai Kinshasa anadaiwa na Kamalondo. Sheria imeandika waziwazi kile ambacho UCOL haikutaka kukiona 1944 na ambacho CONAKAT ilikiacha 1958: haki ya kudai kwa aliye juu haitenganiki na wajibu wa kumlipa aliye chini.

Marekebisho ya sheria ya madini ya 2018 yamefungua mlango mwingine. Katika mrabaha wa madini, asilimia 50 huenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komuni au chombo kingine cha mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, ndani ya mji mmoja hatua hiyo inazaa swali la kale katika sura mpya: Ruashi ina mgodi, Kamalondo haina. Je, mtoto wa Kamalondo, ambaye babu yake aliyeyusha shaba, aseme nini? Na je, mkazi wa Ruashi, anayevuta vumbi la mgodi, akubali kugawana? Haya ni mabishano halali, na heri yafanyike kwa namba na hoja kabla hayajapata, kama mara mbili zilizopita, majina ya makabila.

Mnamo Desemba 2023 wakazi wa miji mikuu ya majimbo, Lubumbashi ikiwamo, walichagua washauri wa komuni, safari hii wanaume kwa wanawake. Jukwaa la 1957 limejengwa upya. Linangoja kupewa kitu cha kujadili.

7. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, uhaba wa fedha peke yake hauelezi umaskini wa *cité*: wakati wa Mpango wa Miaka Kumi na wakati wa kujitenga fedha zilikuwapo, lakini njia ya kuzifikisha haikuwapo. Pili, bishano baina ya jimbo na mji mkuu, hata likiwa la haki, halitoshi. Mara kadhaa limetumika kama pazia. Tatu, swali la mgawanyo lisipopata mahali pa kujadiliwa hutafuta mlango wa nyuma, na mlango huo katika historia ya mji huu umekuwa asili ya mtu.

Wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili, nayo si ndogo. Ibara ya 142 ya Katiba inaitaka serikali itangaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa katika muda wa siku 60. Bajeti ya komuni, yenye mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, haina istilahi isiyotafsirika. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili ambacho mama wa Katuba atakielewa, ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya komuni, naye akaisoma bila mkalimani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lubumbashi haikukosa mali, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia daftari nayo haikukosekana. Iliandikwa kwa lugha isiyosomwa na wengi wa waliolipa, na ikawekwa mahali wasipofika. Siku itakapowekwa wazi mbele yao, *franga ya Leta* itaanza kuitwa kwa jina lake la haki.